Picha Zimerudi Mara Tatu Tatu: Ipi Uifute?

Kadi ya kamera ikifutwa kwa bahati mbaya, mara nyingi picha zenyewe bado zimo. Kilichoondoka ni ile orodha inayoiambia kamera kila picha imeanzia wapi, kama kitabu kilichochanwa kurasa za yaliyomo. Ndiyo maana programu ya bure kama PhotoRec huweza kuzirudisha: hupita kadi nzima ikitafuta alama ambayo kila picha ya JPEG huanza nayo. Watu hushangilia hapo, na wana kila sababu. Lakini picha nyingi hupotea baadaye, wakati wa usafi. Mtu anafungua folda, anakuta maelfu ya faili zenye majina asiyoyajua, nyingine mbili mbili, nyingine tatu tatu, anaanza kufuta kwa kukisia. Akimaliza, amebaki na kijipicha, na picha halisi ameitupa.

Zitazame faili hizo kwa karibu. PhotoRec huziweka kwenye folda zinazoitwa recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, kila folda ikibeba hadi faili 500. Picha iliyokuwa DSC_0412.JPG sasa inaitwa, tuseme, f0123456.jpg. Namba hiyo inaonyesha mahali faili ilipoanzia ndani ya kadi. Haihusiani na namba ya kamera. Kwa hiyo jina halikuambii lolote kuhusu nakala: picha ileile ikipatikana sehemu mbili itapewa majina mawili, na picha tofauti kutoka kadi mbili zinaweza kugongana jina.

Jirani yake huenda ukakuta t0123456.jpg. Hicho ni kijipicha. Kamera huweka ndani ya kila JPEG nakala ndogo ya picha hiyohiyo, mara nyingi pikseli 160 kwa 120, na PhotoRec huitoa nje ikawa faili inayojitegemea. Kishawishi ni kuzikusanya zote zenye herufi t na kuzifuta kwa mpigo. Usifanye hivyo kabla ya kukagua zenye f. Kama kadi iliendelea kupigiwa picha baada ya kufutwa, picha mpya zinaweza kuwa zimeandikwa juu ya zile za zamani: unafungua picha ya harusi, unaona mapambo ya ukumbi na mapaji ya nyuso, halafu kuanzia hapo kwenda chini ni kijivu kitupu. Kijipicha hukaa karibu na mwanzo wa faili, hivyo mara nyingi husalimika hata picha kubwa ikiharibika. Ni kidogo, ndiyo, lakini huenda ndicho pekee kinachoonyesha sura ya bibi siku ile. Picha ya f ikiwa nzima, t yake haina kazi tena. Ikiwa imekatika, hifadhi zote mbili. Programu ya bure iitwayo Czkawka inaweza kukusaidia kutafuta faili zilizoharibika, ila haizikamati zote, kwa hiyo picha muhimu zipitie mwenyewe.

Kabla hujagusa chochote, nakili folda yote ya zilizorejeshwa kwenye diski nyingine ya nje. Hiyo ndiyo kinga yako, na haina mbadala.

Sasa anza na nakala zisizo na ubishi, yaani zile zinazolingana baiti kwa baiti. Czkawka na dupeGuru hupiga hesabu ya yaliyomo ndani ya faili na kutoa alama inayoitwa heshi. Faili mbili zikiwa na heshi moja, ni kitu kimoja hata majina yakitofautiana. Angalizo ni kwamba kubadilisha jina hakugusi heshi, lakini kuzungusha picha au kuiandikia maelezo ndani yake kunaigeuza. Kwa hiyo usihariri chochote kabla ya hatua hii. Kama una maktaba ya zamani iliyopangwa vizuri, iweke kwenye programu unayoitumia kuwa folda ya rejea. Itafuta upande wa zilizorejeshwa tu, na maktaba yako itabaki ilivyo.

Zinazofuata ni picha zinazofanana kwa macho lakini si kwa baiti, na hapa pole pole ndiyo mwendo. Mfano wa kila siku ni picha uliyoituma WhatsApp. Kwenye simu ya Android, nakala yake hubaki kwenye folda ya zilizotumwa, imepunguzwa ukubwa na kunyang'anywa taarifa za EXIF, zile zinazotunza tarehe na saa ya kupigwa. Ukiziweka pamoja kwenye kioo cha simu hutaona tofauti. Angalia vipimo: moja ina pikseli 6000 kwa 4000 na tarehe yake, nyingine, yenye WA kwenye jina, haifiki hata nusu ya hapo. Bakisha yenye pikseli nyingi na EXIF. Tarehe hiyo ndiyo itakayokusaidia baadaye kuzipa picha majina yanayoeleweka, kazi ambayo programu ya ExifTool huifanya kwa folda nzima.

Usiruhusu programu ikuchagulie zinazofanana. Picha tano zilizopigwa mfululizo wakati keki inakatwa zitaonekana kwake kuwa nakala, kumbe kwenye moja tu mama mkwe amefumbua macho.

Ulizochagua kuziondoa, zihamishie kwanza kwenye folda ya pembeni, ukae nazo wiki kadhaa. Kwenye iPhone, tangu iOS 16 ya mwaka 2022, kuna albamu inayokusanya nakala na kukuwezesha kuziunganisha. Ulizofuta hukaa siku 30 kabla ya kupotea. Kwenye Google Photos kuwa makini zaidi: picha iliyokwisha kupakiwa, ukiifuta ndani ya programu hiyo, huondoka pia kwenye vifaa vyako vingine vilivyounganishwa na akaunti hiyo.

Na ile kadi ya kwanza isirudi kwenye kamera kwa sasa. PhotoRec huisoma tu, haiandiki juu yake, kwa hiyo unaweza kuipitia tena wakati wowote. Picha iliyotoka imekatika kwa sababu vipande vyake vilitawanyika inaweza kutoka nzima kwa programu nyingine.