DARSA: MTU HUPIMWA KWA MWISHO WAKE
Bondia Muhammad Ali, na namna tunavyowahukumu watu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Vijana wa darsa zetu, wa Kitui mjini na wa Makueni katika njia ya Makindu na Kibwezi, wameleta suali lisilofaa kupuuzwa. Wamesema: Huyu Muhammad Ali, bondia wa Marekani, wazee wetu wengi walimchukia zamani kwa majivuno yake, na leo akitajwa huombewa rehema. Je, wamegeuka wazee, au aligeuka yeye? Na iwapo ngumi ni mchezo uliokatazwa, yafaa Muislamu kumpenda bondia?

Hayo ni masuali mawili, na kila moja lina jawabu yake.

KWANZA: HUKUMU YA NGUMI

Mtume (s.a.w.) alikataza kupiga uso, na ngumi shabaha yake kubwa ni uso na kichwa. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka liliuangalia mchezo huu mwaka 1987 likaamua kwamba ni haramu, kwa sababu makusudio yake ni kumdhuru mwenzio, na huweza kumpofusha, kumpooza au kumwua. Wala mfano hauko mbali. Robert Wangila, Mkenya aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, alifariki mwezi wa Julai 1994 kwa majeraha ya pigano la Las Vegas. Basi haya tutakayoyasema yasichukuliwe kuwa ni ruhusa ya kuingia ulingoni. Tunamzungumza mtu na tabia yake; hukumu ya kazi yake imekwisha kutajwa.

PILI: MAMBO YALIYOWAUDHI WATU

Alizaliwa Louisville, Kentucky, mwaka 1942, akaitwa Cassius Clay. Alipata dhahabu ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960, na Februari 1964, akiwa na umri wa miaka 22, akamshinda Sonny Liston na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Akatangaza kuwa ni Muislamu, na jina lake likawa Muhammad Ali. Waliomchukia kwa rangi yake au kwa jina hilo hawatuhusu. Lakini palikuwa na mambo matatu ambayo hata Muislamu mwenye insafu hakuweza kuyaridhia.

La kwanza ni majivuno. Alijisifu kuwa yeye ndiye mkubwa kuliko wote, na ukubwa ni wa Mwenyezi Mungu.

La pili ni itikadi. Kundi alilojiunga nalo, la Elijah Muhammad, lilidai kuwa kiongozi wake ni mjumbe wa Mungu, na kwamba watu weupe ni mashetani kwa maumbile yao. Yote mawili ni kinyume cha Uislamu. Hakuna mtume baada ya Mtume wetu (s.a.w.), wala rangi haimfanyi mtu kuwa mwema au mwovu.

La tatu ni ukatili wa ulimi na mkono. Februari 1967 alipigana na Ernie Terrell, aliyekataa kumwita kwa jina lake jipya. Alimtesa mpaka raundi ya 15, huku akimwuliza kwa ukelele jina lake ni nani. Haki ya kuitwa kwa jina lake alikuwa nayo. Njia aliyoitakia haki hiyo haikuwa ya haki. Na Joe Frazier, aliyemtetea arejeshewe ruhusa ya kupigana, alimlipa kwa kumfananisha na nyani mbele ya dunia nzima. Vivyo hivyo alimpa kisogo Malcolm X, rafiki na mwalimu wake, baada ya Malcolm kuachana na kundi hilo na kuhiji Makka mwaka 1964.

TATU: JEMA LILILOKUWAMO TANGU UJANANI

Insafu yatutaka tutaje na upande wa pili. Aprili 1967 alikataa kuandikwa jeshini kwenda vita vya Vietnam, akisema dini yake na nafsi yake hazimruhusu. Akavuliwa ubingwa, akahukumiwa miaka mitano jela na faini ya dola 10,000, na kwa zaidi ya miaka mitatu, katika nguvu za ujana wake, hakupigana. Hakukimbilia nchi nyingine. Alingoja mahakama, na Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta hukumu ile.

Watu wa Ukambani, ambao wazee wao wengi walivaa nguo za jeshi la Mwingereza, wanajua uzito wa kuikatalia serikali. Na wanamkumbuka Muindi Mbingu, aliyewaongoza maelfu kwenda Nairobi kwa miguu mwaka 1938 kuteta juu ya ng'ombe waliotwaliwa, akahamishiwa Lamu. Mwenye kulipa gharama ya neno lake, hata ukikhitilafiana naye, humwiti mtu wa mchezo.

NNE: ALIVYOKOMAA

Alihiji mwaka 1972. Elijah Muhammad alipofariki mwaka 1975, mwanawe Warith Deen aliwarejesha wafuasi kwenye Uislamu wa Waislamu wote, na Muhammad Ali akaenda naye. Akaacha kusema kwamba watu weupe ni mashetani. Kwa mtu aliyesikilizwa na dunia nzima, kuyaacha maneno yake mwenyewe hadharani si jambo jepesi.

Februari 1980 alitumwa na Rais Carter kuja Afrika kuzitaka nchi zisiende Olimpiki ya Moscow. Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere hakukubali kumwona. Waandishi wa magazeti wakamwuliza: Marekani ilikuwa wapi mwaka 1976, Waafrika walipoisusia Montreal kwa ajili ya dhulma ya Afrika Kusini? Yule kijana wa 1964 angalijibu kwa kejeli. Huyu alikiri kwamba khabari hiyo hakuelezwa. Ndipo akaja Nairobi. Kenya haikwenda Moscow; Tanzania ilikwenda, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha.

Mwaka 1984 ilijulikana kuwa ana ugonjwa wa Parkinson. Mikono ikatetemeka, na ulimi ule uliokuwa mwepesi ukawa mzito. Katika hali hiyo alikwenda Baghdad mwaka 1990, na mateka 15 wa Kimarekani wakaachiliwa warudi naye. Mwaka 2002 alipotengenezewa nyota ya heshima huko Hollywood, ambako nyota za watu mashuhuri huwekwa chini njiani, alikataa jina la Mtume (s.a.w.) likanyagwe, ikawekwa ukutani.

Wako wasemao: Watu walimpenda kwa kuwa ugonjwa ulimnyamazisha, simba asiye na meno hupendwa na wote. Neno hili lina ukweli kidogo, lakini halitoshi. Mabadiliko yake yalitangulia ugonjwa, kama tulivyoona. Tena ugonjwa hauumbi tabia, bali huifichua. Wangapi wameugua wakazidi uchungu na kulaumu kudura! Yeye aliuchukua ugonjwa wake kuwa ni mtihani utokao kwa Mola wake, na akaishi nao zaidi ya miaka 30, mpaka alipofariki Juni 2016 akaswaliwa Louisville na maelfu ya Waislamu.

TANO: MAFUNZO YETU

1. Toba ya haki ya mja haitimii bila kumwendea mwenyewe. Mwaka 2001 alimwomba Frazier radhi kwa njia ya gazeti, na Frazier akanung'unika kwamba ilimpasa kuambiwa yeye mwenyewe. Alikuwa na haki kunung'unika. Frazier alipofariki mwaka 2011, Muhammad Ali, akiwa hajiwezi, alihudhuria maziko yake. Ama Malcolm, aliuawa Februari 1965, na majuto ya kumwacha yaliandikwa katika kitabu cha mwaka 2004. Majuto hayo ni mema, lakini aliyetakiwa kuyasikia alikuwa kaburini miaka 39. Mwenye deni la namna hii na aende leo.

2. Tusimfunge mtu katika ujana wake. Ikrima bin Abi Jahl alimpiga vita Mtume (s.a.w.) mpaka Makka ilipofunguliwa. Aliposilimu, Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba kumtukana babake mbele yake, asije akaumia. Akafa shahidi katika vita vya Sham. Laiti wangalimkumbusha kila siku ya jana yake, pengine asingalidumu.

Na sisi je? Yuko kijana wa Kikamba aliyesilimu, jamaa zake wamemnunia, akaja msikitini kwetu. Nasi tukimtaja, twamtaja kwa ulevi wake wa zamani. Mwingine huambiwa kuwa Uislamu wake si kamili maadamu bado aitwa Mwende au Mumbua. Sharia haikulazimisha kubadili jina lenye maana njema. Na kupendwa, na kuzaliwa wakati wa mvua, kuna ubaya gani? Anayetaka kubadili tumwite kwa jina alilolichagua, na asiyetaka tumwache na lake. Tukimfukuza kwa ulimi mtu aliyekuja kwa miguu yake, tutajibu nini kesho?

3. Kumpenda mtu si kuhalalisha kila alilotenda. Twapenda toba yake, ushupavu wake na subira yake. Ngumi zake na kejeli zake twaziacha. Mwenye kushindwa kutenga haya mawili, ama atawaabudu watu, ama atawachukia wote.

Basi jawabu ya suali la kwanza ni hii: Yeye aligeuka, na wazee wakafanya insafu kwa kugeuka naye. Na ya suali la pili: Yafaa kumpenda kwa wema wake, wala haifai kumwiga katika lililokatazwa.

MASUALI YA DARSA

1. Kwa nini ngumi zimekatazwa hata kama wapiganaji wote wawili wameridhiana?
2. Taja tofauti baina ya haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja katika toba.
3. Ni nani katika mtaa wako ambaye watu bado humwita kwa kosa aliloliacha? Wewe humwitaje?

Mwenyezi Mungu amrehemu Muhammad Ali, atusamehe yaliyotangulia, na aufanye mwisho wetu kuwa bora kuliko mwanzo wetu. Amin.