Nyapara wa Seli

Nyapara wa shamba la chai akisinzia, majani mabovu huingia kapuni. Mwilini nyapara ni protini p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Seli ikiharibika, p53 huwasha jeni za kuisimamisha irekebishwe, ama ijiue. Miaka ikisonga makosa hurundikana, hata jeni ya p53 yenyewe ikaharibika. Ndivyo ilivyo katika wagonjwa wengi wa saratani ya koo la chakula, inayojulikana sana hospitali ya Tenwek, Bomet. Ajabu, huku kwetu hushika hata vijana wa chini ya miaka 30! Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya moto kupita digrii 65 huenda vinaisababisha. Nyanya yangu hunywa chai ikitokota. Nikimwambia aipoze, ananicheka tu.