Kipimo cha Uzuri Katika Simu ya Msichana

Atakaye kujua urefu wake huchukua futi kamba. Je, msichana atatumia kipimo gani ili ajue kama sura yake inapendeza? Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba binadamu akikosa kipimo cha hakika hujipima kwa wenzake. Zamani wenzake hao walikuwa ndugu, majirani na wanafunzi wa darasa lake. Leo, kwa mwenye simu, huwa ni washawishi wa mitandao ya kijamii, ambao picha zao huteuliwa miongoni mwa nyingi na kurekebishwa kwa programu kabla hazijaonyeshwa.

Athari ya kubadilika kwa kipimo hicho ilichunguzwa Fiji, visiwa vya Pasifiki ambako mwili mnene ulisifiwa tangu kale. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Majuma machache baadaye Anne Becker wa Marekani na wenzake waliwahoji wasichana 63 wa sekondari; mwaka 1998 wakawahoji wengine 65. Walioonyesha dalili za matatizo ya ulaji waliongezeka kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2. Awali hakuna aliyesema kwamba hujitapisha ili apungue uzito. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Yafaa ikumbukwe kwamba makundi hayo hayakuwa ya wasichana walewale. Hata hivyo, baadhi yao walieleza wenyewe kwamba walitamani kufanana na waigizaji wa televisheni.

Mshawishi, kwa maoni yetu, ana nguvu kuliko mwigizaji. Huzungumza kama mwandani, huonyesha jiko lake na watoto wake, kisha husifu kipodozi ambacho pengine amelipwa akisifu.

Tena picha zinazolinganishwa hazipigwi kwa hali moja. Msichana hujipiga mwenyewe kwa urefu wa mkono. Mshawishi aghalabu hupigwa kutoka mbali. Hesabu iliyochapishwa Marekani mwaka 2018 ilionyesha kwamba pua katika picha ya sentimita 30 huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko katika ile ya sentimita 150.

Mwalimu wa fizikia aweza kulijaribu jambo hili darasani. Atumie kinyago, asije akamfedhehesha mwanafunzi. Kipigwe picha kwa simu kutoka umbali huo wa aina mbili. Wanafunzi wapime kwa rula upana wa pua na wa uso, kisha wagawanye wa kwanza kwa wa pili. Jaribio lirudiwe kwa sentimita 60 na 90, na matokeo yachorwe katika grafu.