Koroboi na Meza ya Mchuuzi: Somo la Usanifu kutoka Mirongo

Mto Mirongo hupita katikati ya Mwanza na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Jua linapotua, biashara katika mitaa iliyo karibu na mto huo haikomi. Wachuuzi wa nyanya, dagaa na samaki wa kukaanga hupanga bidhaa zao kando ya njia, wakiwangojea watu wanaorudi makwao. Mchuuzi wa namna hii hana duka wala umeme, lakini hana budi kuwa na taa, maana mnunuzi hanunui asichokiona. Katika makala haya tutaitumia taa hiyo kuchunguza swali moja: usanifu wa chombo cha kazi uanzie wapi?

Kwa miaka mingi taa ya mchuuzi ilikuwa koroboi. Mwanza kuna hata eneo liitwalo Makoroboi, ambako mafundi wamejulikana kwa kugeuza mabati chakavu kuwa taa hizo na vyombo vingine vya nyumbani. Koroboi ni kopo lenye mfuniko uliotobolewa, ambamo hupitishwa utambi wa pamba. Mafuta ya taa hupanda katika utambi kwa nguvu ya kapilari, kama maji yapandavyo katika kitambaa kilichochovywa ncha. Yakifika juu hugeuka mvuke na kuungua. Kwa kuwa hewa haitoshi, kaboni haiungui yote. Chembe zake hupata moto na kung'aa kwa rangi ya manjano, na zile zinazoponyoka huwa masizi.

Kwa kipimo cha fizikia, koroboi ni chombo duni. Mwanga wake ni kama lumeni 10 tu, na haufikii hata lumeni 1 kwa kila wati ya nishati inayoungua, ilhali taa nzuri ya LED hutoa lumeni 100 au zaidi kwa wati. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha kuwa asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayochomwa katika taa za utambi za aina hii hugeuka kuwa masizi. Mchuuzi huyavuta masizi hayo kila usiku. Na koroboi likipinduka, huunguza watu na mali. Kwa nini basi chombo hiki kilidumu muda mrefu hivyo?

Zaidi ya miaka kumi iliyopita, nikiwa nimerejea karibuni kutoka masomoni ng'ambo, nilidhani jibu ni ukosefu wa taa bora. Mimi na wanafunzi wangu tulitengeneza taa ya LED yenye betri ya kuchajiwa kwa jua. Tuliifunga juu ya mlingoti wenye kimo cha meta 2 kutoka mezani, tukaukaza mlingoti huo kwenye meza ili taa isiibiwe. Tulimpa mama mmoja muuza nyanya aijaribu. Baada ya juma moja tulimkuta amewasha koroboi chini ya taa yetu.

Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa upole: "Mwalimu, taa yenu ni nzuri, lakini inawaangazia wapita njia, na nyanya zangu ziko huku chini. Tena haitoki hapa. Nyumbani watoto watasomea nini?" Kisha akauliza bei yake. Tulipoitaja alicheka, kwani ilizidi thamani ya bidhaa zote zilizokuwa mezani.

Katika maneno hayo machache mlikuwa na makosa yetu matatu.

(a) Umbali. Mwanga unaotoka katika nukta moja hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Koroboi lilikaa nusu meta kutoka kwenye nyanya. Taa yetu ilikuwa mbali mara 4 zaidi. Kwa hiyo nyanya zilipata sehemu moja tu ya 16 ya mwanga ambao zingalipata kama taa hiyo hiyo ingaliwekwa mahali pa koroboi. Kanuni hii tuliifundisha darasani, lakini mlingoti tuliusimamisha bila kuikumbuka.

(b) Matumizi. Sisi tuliona meza, yeye aliona siku nzima. Taa ya biashara saa 2 usiku ndiyo taa ya masomo ya watoto saa 4.

(c) Fedha. Mapato ya mchuuzi huja siku kwa siku. Mafuta ya taa yalinunuliwa dukani kidogo kidogo, kwa kadiri ya fedha iliyopatikana jana. Taa yetu ilidai bei yote kwa mara moja.

Kosa la tatu wengine walilitafutia dawa. Nchini Kenya huduma ya kutuma fedha kwa simu, M-Pesa, ilianza mwaka 2007. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza kwa njia hiyo vifaa vya umeme wa jua: mnunuzi hutanguliza kiasi fulani, kisha hulipa kiasi kidogo kila siku. Njia hii nayo ina gharama yake. Jumla inayolipwa huzidi bei ya taslimu, na anayekawia kulipa, taa yake hufungwa. Hata hivyo, malipo yalisanifiwa yalingane na mfuko wa mtumiaji.

Leo taa ndogo za LED zimeenea masokoni, na koroboi limepungua sana. Somo lake lingali hai. Mtaalamu anayetaka kumsaidia mchuuzi sharti aanze kwa kukaa kando ya meza yake, atazame na kuuliza, kabla ya kushika penseli na rula. Sayansi haipungui kwa kufanya hivyo, bali hupata mahali pa kufanyia kazi.

Zoezi. Toboeni tundu la mraba lenye upande wa sentimeta 1 katika kadi. Isimamisheni kadi sentimeta 10 mbele ya kurunzi ya simu, gizani. Pokeeni mwanga kwenye karatasi ya grafu iliyo sentimeta 20, kisha 30, kutoka kwenye kurunzi, na kuhesabu miraba inayoangazwa. Halafu mtembeleeni mchuuzi mmoja jioni, kwa idhini yake, mpime umbali kati ya taa yake na bidhaa. Mwulizeni kwa nini ameiweka hapo.