Kiini cha Seli si Kiini cha Yai

Makala haya yananuia kueleza muundo na kazi za kiini cha seli, na yanaanza kwa kukiri kosa. Mdogo wangu, aliyekuwa akisomeshwa biolojia kwa Kiingereza, aliniomba nimfafanulie somo hilo kwa Kiswahili. Kwa wepesi wa mwanafasihi aliyezoea tashbihi, nikamwambia kwamba kiini cha seli ni kama kiini cha yai. Akaandika daftarini. Nilikuwa nimempotosha.

Umanjano wa yai la kuku ni akiba ya chakula. Yai linapokua ndani ya ovari, umanjano huo pamoja na doa dogo jeupe lililo juu yake ni seli moja, na kiini cha kibiolojia kimo katika doa hilo. Nilimwonyesha ghala nikadai ni baraza la wazee! Robert Brown alipokitaja kwa Kilatini mnamo 1831, alichagua neno lenye maana ya kokwa, nasi tungaliweza kulichukua hilo bila hasara.

Kiini hiki kimezingirwa na utando wa tabaka mbili wenye vitundu vingi. Molekuli ndogo hupenya zenyewe, ilhali protini kubwa hupita tu zikiwa na alama inayotambuliwa na wabebaji maalumu. Ndani mmehifadhiwa DNA. Seli moja ya binadamu ina takribani mita 2 za DNA, nazo hutoshea katika kiini chenye upana wa mikromita chache tu kwa sababu zimezungushiwa protini ziitwazo histoni, mithili ya uzi kwenye vigurudumu. Seli inapojiandaa kugawanyika, uzi hukazwa zaidi hata kromosomu 46 zikaonekana kwa hadubini. Mna pia nukleoli, isiyo na utando wake, ambamo sehemu za ribosomu huundwa.

Kuhusu kazi, msomaji wa miswada ataelewa upesi. Nakala asilia haitoki makavazini. Kinachotoka ni nakala ya RNA, tena baada ya kuhaririwa na vipande visivyohitajika kuondolewa. Ribosomu zilizo katika saitoplazimu huisoma na kutengeneza protini.

Hata hivyo, mazoea yetu ya kusema "kiini cha jambo" yasituhadae tukadhani kila seli ina kiini kimoja kisichokosekana. Seli za misuli ya mifupa zina viini vingi. Seli nyekundu za damu ya binadamu hupoteza kiini zinapokomaa, zikasafirisha oksijeni kwa siku 120 hivi bila uwezo wa kugawanyika wala kuunda protini mpya. Kwa maoni yangu, istilahi "kiini" ibaki, maadamu imekwisha kuzoeleka, ila mwalimu aifafanue kwa kazi yake badala ya kuitegemea sura ya neno.

Jioni moja nilivunja yai sahanini, nikamwonyesha mdogo wangu lile doa jeupe. Alilitazama kwa muda, kisha akaifuta tashbihi yangu kwa kalamu nyekundu.