KUNAWA MIKONO KATIKA LOPITALI: MAFUNDISHO YANASAIDIA KWELI?

Mimi kapita wenu nataka tujifunze leo neno moja linalogusa sana wale wanaotaka kusoma uganga kisha diploma.

Katika muji wa Vienna, inchi ya Austria, lopitali moja ilikuwa na pande mbili za kuzalisha. Upande wa kwanza walijifunzia wanafunzi wa uganga, upande wa pili wakunga. Katika ule wa kwanza wamama walikufa wengi sana kwa homa ya uzazi. Mwezi wa 4 mwaka 1847 walikufa zaidi ya 18 kwa kila 100. Munganga Ignaz Semmelweis aliona kwamba wanafunzi walitoka kupasua maiti, halafu wanaenda moja kwa moja kuwapima wamama. Mwezi wa 5 akaamuru kila mutu anawe kwa maji ya chokaa yenye klori. Mwezi wa 6 wakafa karibu 2 kwa 100. Hata hivyo wanganga wengi walikasirika. Nani anapenda kuambiwa kwamba mikono yake ndiyo inaua?

Tusifikiri haya ni mambo ya zamani. Kule Geneva, Uswisi, mwaka 1994, Didier Pittet na wenzake waliwachunguza watumishi wa lopitali kubwa. Kila mara 100 walizopaswa kusafisha mikono, walifanya mara 48 tu. Na ni watu waliosoma! Kumbe shida haikuwa kutojua. Lavabo iko mbali, kazi ni nyingi. Basi wakaweka chupa ya alkoli karibu na kitanda, wakabandika picha ukutani, wakawaonyesha watumishi hesabu yao wenyewe. Mwaka 1997 ikafika 66. Wauguzi ndio walioongeza. Wanganga walibaki karibu palepale. Hiyo ilinichekesha kidogo, halafu ikanihuzunisha.

Bamako, katika Mali, kwenye lopitali ya Point G, walitengeneza alkoli yao palepale na kufundisha watumishi. Wakatoka 8 wakafika karibu 22. Ni kidogo, lakini ni karibu mara tatu.

Angalisho: mikono ikiwa na damu ao udongo, alkoli haitoshi. Hapo ni maji na sabuni, sekunde 40 mpaka 60.

Na sisi? Ndoo yetu iko nyuma ya jiko, nani atazunguka mpaka kule na njaa? Kuanzia siku ya kwanza itakuwa kwenye mulango wa chumba cha kulia. Nitahesabu katika daftari, bila kuandika majina, na hesabu mutaisoma katika namba ijayo.