SOMO LA IJUMAA: NYIGU MDOGO WA BUSTANI



Ndugu Waislamu, na hasa ninyi mama zetu wenye bustani za shu, somo la leo ni la viwavi. Kabla hujabeba pompe ya dawa, geuza jani utazame chini yake.

Yule kiwavi wa kijani, urefu wake kama sentimita 1, ambaye ukimgusa ananing'inia kwa uzi, ni mtoto wa kipepeo mdogo wa kijivu anayeruka jioni. Ni mkaidi sana. Mwaka 1953 iliripotiwa kutoka Java, Indonesia, kwamba dawa ya DDT haimwui tena, na baadaye akazoea nyingine nyingi. Basi mkulima anaongeza kipimo, anachanganya chupa mbili, anapuliza kila wiki. Kiwavi anaendelea kula; anayekufa ni adui yake.

Adui huyo ni nyigu mwembamba, mdogo kama mbu, wala hana shida na mtu. Jike anamdunga kiwavi na kuacha yai moja ndani ya mwili wake. Funza anaanguliwa humo, anamla polepole kutoka ndani, huku kiwavi anatembea na kutoboa majani kama mzima. Hapo ndipo watu wanakosa subira! Lakini kiwavi huyo hatazaa tena. Akishafuma kifuko chake, anayetoka ni nyigu.

Kenya, mwaka 2002, watafiti wa ICIPE waliachilia nyigu wa namna hii kutoka Taiwan, aitwaye Diadegma semiclausum, katika milima ya Taita. Alienea, na viwavi wakapungua.

Tena kuna haki ya mnunuzi. Mtu anapuliza dawa Alhamisi, Ijumaa shu ziko sokoni, jioni mtoto wa mwenzake anazila. Huko ni kuuza kitu chenye ila na kuificha.

Fanyeni jaribio. Okota vifuko kama 10 chini ya majani, tia katika chupa, funika kwa kitambaa chepesi. Kifuko cha kipepeo ni wavu mweupe, unaona hadi ndani. Cha nyigu kimeziba, kama punje ya mchele ndani ya wavu ule. Ngoja wiki moja au mbili. Wakitoka nyigu wengi, warudishe bustanini, na pompe ibaki nyumbani kwanza. Acha pia maua kidogo pembeni ya matuta, maana nyigu mkubwa chakula chake ni maji matamu ya maua.